Wachezao Ndio Waujuao Mpaka

Katika mabaraza ya Kitomanga, kando ya barabara kuu itokayo Nangurukuru kwenda Lindi, ambako watu hukutana jioni baada ya kurudi kutoka mashamba ya ufuta na mikorosho, limo swali ambalo wazazi wa zama hizi huulizana kwa wahaka kila wamwonapo kijana ameinamia mchezo wenye mashujaa na majini wa kubuni, nalo ni hili: Je, mtu akikaa muda mrefu katika nafsi isiyo yake, akajiita jina lisilo lake na kupigana na adui asiyekuwapo, hawezi siku moja kuipoteza njia ya kurudia akili yake? Swali hili si la kupuuzwa, kwa maana chanzo chake ni mapenzi ya mzazi kwa mwanawe. Lakini pwani yetu ya kusini inao ushahidi mwingi wa kulijibu, na ushahidi huo, ukitazamwa kwa insafu, watuonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: wachezao ndio waujuao mpaka wa mchezo na hakika, na aghalabu anayeuvuruga ni yule asimamaye nje, akatazama kwa hofu asiulize.

Mchezo ulioliamsha swali hili kwa kishindo kikubwa kuliko yote duniani ni ule uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu za kwanza. Watu wachache huizunguka meza, kila mmoja ana karatasi yake iliyoandikwa jina la shujaa aliyembuni, nguvu zake, udhaifu wake na mali aliyoichuma safarini. Mmoja wao, ambaye ni msimulizi na mwamuzi kwa pamoja, huwaeleza wenziwe wamefika wapi na nini kimewatokea, nao humjibu watakalofanya, kisha dadu hurushwa, na miongoni mwa dadu hizo imo yenye nyuso ishirini, ili bahati iamue kama upanga umempata joka au umekata hewa. Hapana jukwaa wala hadhira. Yote hutendeka kwa maneno, na kila mara mchezaji huweza kuinuka, akanywa maji, akauliza saa, kisha akarudi kuwa mfalme wa milimani.

Mwezi wa Agosti 1979 mwanafunzi mmoja wa miaka 16, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alitoweka, na kabla lolote halijathibitika magazeti yakaeneza kwamba ameingia katika mahandaki ya mvuke yaliyo chini ya chuo, akiucheza mchezo ule kana kwamba ni maisha yenyewe. Alipopatikana wiki kadhaa baadaye, mbali kabisa, katika jimbo la Louisiana, ilidhihirika kuwa kijana yule alikuwa amezongwa na upweke, na masomo yaliyozidi umri wake, na huzuni iliyokuwa ikimla moyo, wala si mchezo uliompeleka huko. Lakini uvumi ulikwisha kukimbia mbele ya habari. Mwaka 1981 ikatoka riwaya ya Rona Jaffe yenye kisa cha namna hiyo, mwaka 1982 ikafanywa filamu ambayo Tom Hanks, akingali kijana, aliigiza mchezaji aliyepotelewa na akili, na mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaanzisha chama cha kuupinga mchezo ule katika nchi nzima. Wataalamu wa saikolojia walipokuja kupima badala ya kudhani, mathalani Armando Simón katika utafiti wake wa mwaka 1987, hawakuona kwamba mchezaji aliyezoea zaidi ana nafsi iliyoyumba zaidi. Yaliyotokea Marekani ni kwamba watu waliotazama filamu, wala hawajapata kuketi mezani, ndio walioshindwa kutofautisha hadithi na habari.

Wafalme wasio na ufalme

Msomaji wa Lindi na Kilwa hana haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano huu, kwa kuwa takriban miaka themanini kabla ya kishindo hicho pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuwa na mchezo wake mkubwa wa nafsi za kubuni, nao ni Beni. Ulianza katika miaka ya 1890 katika miji ya kaskazini, Lamu na Mombasa, ukashuka Tanga na Dar es Salaam, ukafika Lindi, na kila ulipofika ulikuja na ngoma zake na tarumbeta zake, na wachezaji waliopanga safu kwa mwendo wa gwaride. Kila chama kilikuwa na Kingi wake, na majenerali, na makanali, na madaktari, na makarani. Wanawake nao walikuwa na matawi yao na vyeo vyao. Amri zilitolewa, saluti zilipigwa, na mtu ambaye asubuhi alishinda akipakua mizigo bandarini aliweza jioni kukagua kikosi chake akiwa na kitara kiunoni. Katika Tanganyika vyama vilivyoshindana zaidi vilikuwa Marini, ambacho kwa kawaida kilijinasibu kuwa cha waungwana na watu wa mjini, na Arinoti, ambacho kiliwakusanya wageni na watu wa kazi za mikono. Na mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokewa na wenzake wa chama kile kile, akauguzwa akiugua, akazikwa kwa heshima akifa.

Walioucheza mchezo huu baada ya mwaka 1918 hawakuwa watu waliovisikia Vita vya Kwanza vya Dunia kwa mbali. Majeshi ya Waingereza yalitua Kilwa na Lindi mwezi wa Septemba 1916, na mwezi wa Oktoba 1917, huko Mahiwa, bara ya Lindi, yakapigana siku nne na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck katika mojawapo ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki, ambamo maelfu waliuawa au kujeruhiwa. Watu wa nchi hii walichukuliwa kuwa askari na wapagazi kwa pande zote mbili. Wakafa kwa risasi, na zaidi ya risasi kwa njaa na kuhara damu. Aliyembeba mwenziwe mwenye jeraha akipita naye msituni, kisha miaka miwili baadaye akavaa kofia ya kanali wa Beni na kuwaamuru vijana kugeuka kulia, hawezi kuambiwa na mtu yeyote kwamba alishindwa kutambua tofauti ya bunduki ya mti na bunduki ya chuma. Aliitambua kuliko wote, na yamkini ndiyo sababu alitamani kuishika ile ya mti.

Wasioitambua walikuwa wengine. Mara baada ya vita maafisa wa serikali ya Kiingereza, walipoona Waafrika wenye vyeo na barua na matawi kutoka mji hadi mji, waliingiwa na tuhuma kwamba nyuma ya tarumbeta zile mna njama, wengine wakidhani ni njama ya Waislamu wa dunia nzima, wengine ya Wajerumani walioshindwa, wengine ya Wabolshevik waliokuwa wametwaa dola huko Urusi. Tuhuma hizo zilisafiri pamoja na ngoma yenyewe, kwa kuwa askari na wafanyakazi waliorudi makwao waliichukua Beni hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Mwezi wa Mei 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, na polisi wakawaua watu sita huko Luanshya, tume iliyoongozwa na Sir Alison Russell ilikaa kuuliza, pamoja na mengine, kama chama cha ngoma ya Mbeni, yaani Beni kwa jina la huko, ndicho kilichouchochea mgomo, ilhali kilichowawasha watu kilikuwa kodi iliyopandishwa ghafula. Wanachama wa ngoma yaelekea walikuwamo katika mgomo, kwa maana chama chochote kinachowakutanisha watu huwapa njia ya kupashana habari. Lakini aliyedai kodi hakuwa jenerali wa kubuni, na aliyepiga risasi hakuipiga kwa bunduki ya mti.

Katika mji huo huo wa Luanshya mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya Kalela, ambayo ni mzao wa Beni, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Miongoni mwa aliyoyaona limo moja dogo ambalo naliona lina maana kubwa: katika chama kile alikuwamo mwanamke aliyevaa nguo nyeupe za muuguzi wa hospitali, naye kazi yake ilikuwa kupita baina ya wachezaji akiwa na kioo na leso, ili kila mmoja ajitazame, ajifute jasho, ajitengeneze, kisha aendelee kucheza. Hakutibu mtu, wala hapana aliyemwendea na homa. Homa ilipomshika mchezaji, alikwenda hospitali ya mgodi kwa muuguzi wa kweli, na kila mtu katika uwanja ule alijua ni mlango upi wa kubisha.

Kwa nini basi watawala, waliokuwa na shule na maktaba, walilikosa jambo ambalo mpakuzi wa mizigo alilijua? Nadhani ni kwa sababu utawala wa kikoloni wenyewe ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya mavazi na saluti na mwendo wa gwaride. Na mtu ambaye heshima yake imo katika kofia yake hawezi kumwona mwingine amevaa kofia ya namna ile asifikiri kwamba anataka kumpokonya. Terence Ranger, aliyeandika historia ya Beni katika kitabu kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kuwa wachezaji hawakuwa wakiwaiga Wazungu kwa kuduwaa, bali waliendeleza ushindani wa mitaa uliokuwako pwani zamani, wakauvika mavazi ya wakati wao, wakajifunza humo uongozi, hesabu na kusaidiana. Mchezo ulikuwa wa kubuni. Mazishi, michango na urafiki vilikuwa vya kweli.

Adabu ya kuingia na kutoka

Mtu atauliza, wachezaji huujuaje mpaka, na ni nani aliyewafundisha? Jibu limo uani mwetu. Watazame watoto wa Kitomanga wanapojipikilisha chini ya mkorosho: kifuu cha nazi ndicho chungu, mchanga uliotiwa maji ndio ugali, majani yaliyofikichwa ndiyo kisamvu, mmoja ni mama, mmoja ni baba aliyetoka shamba amechoka, na aliye mdogo kuliko wote, apende asipende, ni mtoto mchanga. Mama hupakua, baba hukata tonge la mchanga, hulifinyanga kwa vidole kama alivyomwona baba yake mzazi akifanya, hulipeleka hadi karibu na mdomo, hutafuna hewa kwa sauti ya kushiba, kisha hulidondosha kando na kushukuru kwa chakula kitamu. Halimezi hata siku moja. Ni mtoto wa miaka minne, hajui kusoma, na hapana mtu aliyemkalisha kumweleza tofauti ya njozi na hakika. Lakini umbali ule mdogo kati ya tonge na mdomo anaujua barabara, na mama yake wa kweli akimwita kula, huinuka papo hapo, kwa kuwa njaa aliyonayo ni ya kweli.

Gregory Bateson, mtaalamu wa elimu ya binadamu, alipowatazama tumbili wachanga wakicheza katika bustani ya wanyama ya San Francisco mwaka 1952, aliona kwamba hata wao hung'atana bila kuumana, akaandika baadaye, mwaka 1955, kuwa mchezo hauwezi kuwapo ila wachezaji waweze kuambiana kwa ishara kwamba hili tulifanyalo ni mchezo. Ishara hizo binadamu tumezipamba zaidi. Msimulizi wa hadithi huita, na wasikilizaji humwitikia njoo, na kwa mwitiko huo mlango umefunguliwa kwa ridhaa ya wote. Sungura ataruhusiwa kusema, na fisi ataruhusiwa kufunga ndoa, wala hapana atakayeleta hoja. Hadithi ikiisha husemwa kuwa imeishia hapo, na mlango hufungwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni utani, ambao wenyeji wa mikoa ya kusini, Wamwera, Wamakonde, Wamatumbi, Wangindo, Wayao na Wangoni, wanauheshimu hata leo. Msiba ukitokea, wakati wafiwa wameinamisha vichwa na hapana awezaye kusema neno, mtani huingia katika nguo za marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akawadai watoto wa marehemu deni la uongo, na pengine akaizuia njia ya kwenda makaburini mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua desturi, akiyaona hayo, ataweza kupandwa na hasira na kutaka kupigana, na kwa macho yake atakuwa na haki. Lakini mjane aliyekuwa hajala tangu jana huinua uso, akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akakubali kunywa uji. Yeye anajua kuwa mumewe amekufa. Hapana mtu katika uwanja ule anayelijua jambo hilo zaidi yake, na ni kwa kuwa analijua ndipo uigaji ule unaweza kumsaidia.

Mchezo, imani na hadaa

Hata hivyo insafu yataka tukiri kwamba nchi hii hii imeonja uchungu wa watu waliokwenda mbele ya bunduki wakiamini kuwa risasi zitageuka maji. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa na tumaini la kuungana. Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini vita vya Maji Maji vikaenea kusini nzima hadi 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa vyakula, walihesabiwa na Wajerumani wenyewe kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakakadiria idadi iliyo kubwa zaidi mara kadhaa. Atakaye kusema kuwa watu wale walichanganya njozi na hakika atakuwa amewadhulumu mara ya pili. Wao hawakuwa wakicheza. Walikuwa na imani, na dhuluma iliyowasukuma, ya pamba waliyolazimishwa kulima na kodi na viboko, ilikuwa hakika isiyo na shaka. Na imani hupimwa kwa mizani nyingine, kwa kuwa mwenye imani hasemi tuchukulie kwamba, bali husema ndivyo ilivyo.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii, alipoitoa tamthilia yake ya Kinjikitile mwaka 1969, alitupa njia ya kuyatazama mambo haya yote mawili kwa wakati mmoja, kwani jukwaani tunamwona mtu aliyeelemewa na neno alilolitamka, neno ambalo wafuasi wamelichukua na kulipeleka mbali kuliko alivyokusudia, na huku sisi tuliokaa kwenye viti twajua kwamba mwigizaji wake atavua nguo za mchezo na kurudi kwake kulala. Mwigizaji ametuachia kilio cha kweli kwa kifo kisicho cha kweli, wala hapana mtazamaji mwenye akili timamu aliyetoka pale akidai kesi ya mauaji.

Yako basi mambo matatu yanayofanana kwa sura na yasiyofanana kwa asili. Mchezo ni pale ambapo wote wanajua na wote wameridhia. Imani ni pale ambapo wote wanasadiki. Hadaa ni pale ambapo mmoja anajua na wengine hawajui, na hapo ndipo penye hatari ambayo ingewapasa wazazi wa Kitomanga kuiogopa kuliko joka lolote la mezani: mganga wa uongo anayemwambia maskini kuwa fedha zake zitazaa usiku katika chungu, tapeli anayepiga simu akijifanya ofisa wa benki, mtu anayejitia kuwa mchumba ilhali anatafuta mali. Hao nao hubuni nafsi, wakavaa vyeo, wakatunga visa. Tofauti yao na Kanali wa Beni ni kwamba wamemficha mwenzao kuwa ni mchezo.

Wala mchezo wenyewe si malaika. Wazee wa pwani walioipinga Beni hawakuwa wajinga, kwani katika mashindano ya vyama watu walichinja ng'ombe ambao hawakuwa na uwezo wa kuwanunua na kushona mavazi ya mkopo, na madeni waliyoyafanya kwa ajili ya heshima ya Kingi wa kubuni yalikuja kulipwa kwa mashamba ya kweli. Kijana anayeukesha mchezo mpaka akasinzia darasani, au anayeukimbilia kwa kuwa nyumbani hana wa kuzungumza naye, ana tabu. Lakini tabu yake ni ya usingizi, au ya fedha, au ya upweke, na atakayeushambulia mchezo akaiacha tabu yenyewe atakuwa amerudia kosa lililotendeka Michigan, ambapo watu walitafuta mahandakini huku huzuni ya kijana ikiwa wazi.

Kwa hiyo mzazi anayeuona mchezo asioujua na aulize maswali yaliyo rahisi. Je, wote waliomo wanajua kuwa wanacheza? Je, yupo mwenye kuongoza, ambaye wenzake wanaweza kumwambia basi, naye akakoma? Je, mtoto akiitwa kula, kusali au kusoma, huinuka? Je, kinachotolewa humo, kiwe fedha au wakati, ni kile ambacho mchezaji anaweza kukikosa bila kuumia? Majibu yakiwa ndiyo, basi mtoto huyo yumo katika shule ya zamani sana, ambamo binadamu hujaribu ujasiri kabla haujahitajiwa, na huruma kwa watu wasiofanana naye, na kushindwa bila kufa. Kando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, watu wangali wanapanga safu za Mganda kwa sare zilizonyooshwa na mwendo wa askari, ndugu wa Beni iliyokufa kwetu, na kesho yake hurudi ziwani na shambani bila kumwamuru mtu yeyote. Majibu yakiwa siyo, mzazi na aingilie, tena bila kuchelewa. Lakini kabla ya kuhukumu, na aketi kwanza na wachezaji, awaulize kanuni zao, kwa kuwa hao ndio mashahidi walio karibu zaidi na jambo lenyewe, na katika kila kisa cha tuhuma nilichokitaja hapa waliokosea ni wale walioacha kuwauliza.